Kiti cha mtoto cha gari: kigeuze usome kabla ya kulipa

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niseme na wazazi wanaotarajia mtoto, na pia na wale wanaouza viti vya watoto vya gari Kariakoo, mitandaoni na kwenye mitumba. Viti hivi siku hizi vinapatikana, tena vipya kwa vilivyotumika, na hilo ni jema. Tatizo ni kwamba mnunuzi huangalia rangi, ulaini wa kitambaa na jina la kampuni, ilhali yanayoamua kama mtoto atanusurika yameandikwa au yamechongwa upande wa chini, ambako wengi hawageuzi. Anayejua kusoma upande huo anaweza kupata kiti salama kwa pesa ndogo. Asiyejua anaweza kulipa laki kadhaa kwa kitu ambacho si kiti cha gari kabisa.

Kwanza niondoe fikra kwamba mama akiketi nyuma na kumpakata mtoto imetosha. Gari lililo kwenye mwendo wa kilomita 50 kwa saa likigonga na kusimama ghafla, mtoto wa kilo 5 huvutika mbele kwa nguvu inayofika au kupita uzito wa kilo 100. Hakuna mikono inayoweza kushika hivyo. Kumfunga mtoto na mama ndani ya mkanda mmoja ni kubaya zaidi, kwa kuwa mwili wa mama ndio unaomkandamiza mtoto kwenye mkanda. Shirika la Afya Duniani limeeleza kuwa kiti kilichofungwa na kutumika ipasavyo hupunguza vifo vya watoto wachanga katika ajali za magari kwa takriban asilimia 70. Hapo neno "ipasavyo" ndilo lenye uzito, na ndilo lililonifanya niandike barua ndefu.

Mtoto mchanga lazima atazame nyuma ya gari. Kichwa chake ni karibu robo ya urefu wa mwili wake, na shingo yake bado ina gegedu nyingi kuliko mfupa. Akitazama mbele, gari likigonga mwili hushikwa na mikanda lakini kichwa huendelea na safari, na shingo huvutika. Akitazama nyuma, ganda la kiti hupokea mgongo, shingo na kichwa kwa pamoja. Wengi humgeuza mapema kwa sababu viti vya kundi la I, vile vya kutazama mbele, vimeandikwa kilo 9 hadi 18, na mtoto mnene hufika kilo 9 kabla hajatimiza mwaka. Kilo zimefika, shingo bado. Kanuni mpya ya Umoja wa Mataifa, namba 129, inataka mtoto atazame nyuma mpaka apite miezi 15, na nchini Sweden wengi hukaa hivyo hadi miaka 4. Miguu yake kugusa egemeo la kiti cha gari si shida, ataikunja. Kiti kinakuwa kidogo pale kichwa kinapobakiza chini ya sentimita 2.5 kufika ukingo wa juu wa ganda, au uzito unapopita kikomo. Uzito huo hauhitaji kubahatisha, umo kwenye kadi ya kliniki.

Sasa pesa iende wapi? Kuna kiti cha kubebea chenye mpini, kinachoishia kilo 13, ambacho wengi hukimaliza kati ya mwaka mmoja na mwaka na miezi mitatu. Kipo pia cha kugeuzwa, kinachoanza kutazama nyuma na baadaye kutazama mbele mpaka kilo 18, yaani takriban miaka 4. Kwa familia ya kipato cha kawaida yenye gari lake, naona hiki cha pili ndicho kinachorudisha pesa, mradi ukihakikishe kuwa vikanda vyake vya bega vinashuka vya kutosha kwa mtoto wa kilo 3. Kwa anayetegemea teksi na magari ya ndugu, cha kubebea ndicho chenye manufaa, kwa kuwa kinafungwa kwa mkanda wa gari kwa dakika moja na kutoka na mtoto wake. Kile kitako cha chini kinachouzwa peke yake, chenye vidole vya ISOFIX vya kunasa kwenye vyuma vya gari bila mkanda, ni cha kurahisisha kazi tu; kiti kinachoruhusu kufungwa kwa mkanda kikifungwa vizuri kinalinda, kwa hiyo hapo unaweza kubana matumizi bila kumpunguzia mtoto usalama. Sivutiwi na vile viti vinavyodai kumbeba mtoto tangu kuzaliwa hadi kilo 36. Vingi hulala kidogo mno kwa kichanga, na baada ya miaka michache juani hapa kwetu sidhani vinafaa kufikishwa mwisho wa safari hiyo.

Geuza kiti. Cha Ulaya kina kibandiko cha rangi ya machungwa chenye herufi E ndani ya duara na namba pembeni yake. Namba hiyo ni nchi iliyokiidhinisha tu: 1 ni Ujerumani, 4 Uholanzi, 11 Uingereza, 43 Japani, haimaanishi ubora umezidi au umepungua. Kilichoandikwa ECE R44/04, yaani kanuni ya awali namba 44, kinapimwa kwa kilo, na namba yake ya idhini huanza na 04. Ikianza na 03 katika kanuni hiyo ya 44, ni cha toleo la zamani, kiache. Kilichoandikwa R129 au i-Size kinapimwa kwa urefu wa mtoto, mara nyingi kuanzia sentimita 40, na hicho kimejaribiwa pia kwa kugongwa ubavuni. Katika R129 namba ya idhini kuanza na 03 ni sawa kabisa, hivyo soma kwanza jina la kanuni ndipo usome namba. Maduka ya Umoja wa Ulaya yaliacha kuuza vya R44 kuanzia Septemba 1, 2024, lakini waliokuwa navyo wanaendelea kuvitumia kihalali. Kwa hiyo usikatae R44/04 chenye hali nzuri. Hapo ndipo bei inaposhuka.

Vya Marekani, ambavyo ndugu wengi huvituma kwenye makontena na maboksi, havina E. Vina maandishi ya Kiingereza yanayosema kiti kinatimiza viwango vyote vya shirikisho vya usalama wa magari, FMVSS 213, na uzito huandikwa kwa ratili. Ratili 5 ni kama kilo 2.3, ratili 35 ni karibu kilo 16, ratili 40 ni kilo 18. Ule uzito wa chini usiupuuze kwa mtoto aliyezaliwa njiti: kuna viti vinavyoanza ratili 4 na vingine 5, na tofauti hiyo ya karibu nusu kilo ni kubwa kwake. Vya China halali vina alama ya CCC na kiwango GB 27887. Cha Japani chenye maandishi ya Kijapani matupu bila E kinahitaji tahadhari. Japani ililazimisha viti kwa watoto wa chini ya miaka 6 tangu Aprili 2000, kwa hiyo vingi vilitengenezwa miaka hiyo na leo vimepita miaka 20, hata kama kitambaa kinang'aa.

Kisicho na kibandiko chochote kisiingie kwenye gari lako. Hapo nataja bidhaa mbili zinazowapotosha watu sana. Ya kwanza ni kitambaa chenye sponji na mikanda, kinachofungwa kwenye kiti cha gari kwa kamba za nailoni na kumtazamisha mtoto mbele. Hakina ganda wala cha kupokea nguvu. Ya pili ni kile kikapu kinachokuja na kigari cha kusukuma, kwenye seti za tatu kwa moja. Baadhi ya seti zina kiti halisi, nyingine zina kikapu cha kumbebea tu. Vinafanana ukivitazama mbele. Tofauti iko ubavuni: kiti cha gari kina mifereji ya kupitisha mkanda wa gari, mara nyingi ya bluu, na mchoro wa kuonyesha njia yake. Kikapu hakina, na vikanda vyake mara nyingi ni vitatu vyembamba vyenye klipu ya plastiki kama ya begi la shule.

Kwenye mtumba, tafuta umri wa plastiki. Chini ya ganda kuna duara dogo lililochongwa, lenye namba 1 hadi 12 pembezoni, mshale katikati na tarakimu mbili zilizogawanywa na mshale huo. Mshale ukielekea 8 na tarakimu zikiwa 1 na 7, ganda lilitengenezwa Agosti 2017. Tafuta duara hilo pia kwenye kitako na kwenye egemeo la kichwa. Tofauti ya miezi ni kawaida. Ya miaka kadhaa ina maana umeuziwa viti viwili vilivyounganishwa kuwa kimoja. Vya Marekani vingi huandika wazi mwaka wa mwisho wa matumizi, kati ya miaka 6 na 10 tangu kutengenezwa. Kisichotaja, mimi sivuki miaka 10 kwa kilichotunzwa ndani, na nashuka sana kwa kilichoanikwa juani mbele ya duka, kwa sababu jua huifanya plastiki kuwa kavu na ya kuvunjika ghafla.

Kisha vua kitambaa chote. Muuzaji akikataa, ondoka. Ndani utaona povu gumu jeupe sehemu ya kichwa; kama halipo au limepasuka, kiti hakifai, na kulibandika kwa gundi hakusaidii. Pitisha kidole kwenye mifereji ya mkanda na matundu ya vikanda vya bega. Mistari myeupe kwenye plastiki ya rangi ni dalili kwamba iliwahi kukunjwa kwa nguvu kubwa, na kiti kilichopata ajali kubwa kimeshafanya kazi yake, hakirudiwi. Mgongoni vikanda viwili vya bega hukutana kwenye kibati kimoja na kuvutwa na ukanda mmoja. Angalia kibati hakijapinda, vikanda vimeingia vyote, na hakuna nyuzi zilizochomoka. Vikanda vilivyopauka na kukakamaa kama vilivyolowekwa kwenye jiki vimekufa. Mtengenezaji huruhusu kuvifuta kwa kitambaa chenye maji na sabuni laini, basi. Mashine ya kufulia na jiki huua nyuzi bila kuonekana.

Kifungio nacho kina mtihani wake. Kwenye viti vya Ulaya, ingiza ulimi mmoja, kile kichwa cha ukanda, peke yake: kisikubali kufunga mpaka ndimi zote mbili zimeunganishwa. Kitufe kinatakiwa kuwa kigumu, kati ya kilo 4 na 8 za msukumo, ili mtoto mkubwa asikifungue. Kikifunguka kwa kuguswa ni kibovu. Kikigoma kabisa, mara nyingi ni uji na juisi vilivyogandia ndani. Kioshe kwa maji ya uvuguvugu, usitie mafuta, kwa kuwa mafuta hukusanya vumbi. Februari 2014 kampuni ya Graco ilitangaza Marekani kurejesha viti zaidi ya milioni 3.7 kwa sababu ya vifungio vilivyogoma kufunguka. Ndiyo maana kiti cha Marekani kisicho na namba ya modeli ni hasara: huwezi kukitafuta kwenye orodha ya viti vilivyorejeshwa inayotolewa bure na NHTSA, mamlaka ya usalama barabarani ya huko.

Usilipe kabla hujakijaribu kwenye gari lako. Mahali pake ni kiti cha nyuma. Mbele ya abiria, ukiona herufi SRS kwenye dashibodi kuna mfuko wa hewa, na mfuko huo ukilipuka hulipiga ganda la kiti kinachotazama nyuma moja kwa moja, kichwani mwa mtoto. Magari mengi ya Japani tunayotumia hayana swichi ya kuuzima. Nyuma katikati ndiko mbali zaidi na milango, lakini magari ya zamani yana mkanda wa kiunoni tu hapo, na viti vingi vya Ulaya vinataka mkanda wenye sehemu ya bega. Viti vingi vya Marekani huruhusu wa kiunoni. Ukikosa katikati, weka nyuma ya abiria, upande wa kushoto, ili umtoe mtoto ukiwa pembezoni mwa barabara na si upande magari yanapopita.

Kwa kiti cha kubebea cha Ulaya, sehemu ya kiunoni ya mkanda hupita juu ya ganda kwenye mifereji ya bluu pande zote mbili, na ya bega huzunguka nyuma ya ganda na kuingia kwenye kishikio cha bluu. Njia nyekundu ni ya kutazama mbele. Cha Marekani mara nyingi kina njia yake tofauti, hivyo fuata mchoro ubavuni, usifuate cha jirani. Mkanda usipofika, hakuna kiunganishi cha kuongezea kinachofaa. Gari hilo na kiti hicho havipatani. Kandamiza kiti kwa mkono mmoja, vuta ulegevu kwa mwingine. Baadhi ya magari ya Japani yana msaada ambao wengi hawaujui: uvute mkanda polepole mpaka mwisho, uuachie urudi, na ukisikia mlio wa tak-tak na haukubali kutoka tena, umejifunga kwa ajili ya kiti cha mtoto. Hufaa hasa pale mkanda wote unapopita kwenye mfereji mmoja. Sasa shika kiti mahali mkanda unapopita na ukitikise. Kikisogea zaidi ya sentimita 2.5, anza upya. Upande wa kichwa ukichezacheza kidogo, si kosa. Angalia pia kifungio cha gari kisiegemee ukingo wa plastiki wa kiti, kwa kuwa kwenye mgongano kinaweza kuvunjikia hapo. Kikiegemea, hamia nafasi nyingine.

Mlalo wa kichanga ni karibu nyuzi 45. Kunja karatasi ya mraba kona kwa kona, ielekeze pembe yake kwenye egemeo la kiti gari likiwa mahali tambarare, utaona. Kikisimama mno, kichwa huangukia mbele, kidevu hugusa kifua na njia ya hewa hubanwa. Baina ya kidevu na kifua paingie kidole. Kwa sababu hiyo kichanga asilale humo nyumbani, na safarini asipitishe nusu saa katika wiki zake za mwanzo, baadaye saa mbili bila kutolewa. Anayekwenda Morogoro au Dodoma kutoka Dar es Salaam apange kusimama kabla ya Chalinze kama mtoto ni mdogo sana.

Vikanda vya bega vitoke usawa wa mabega au chini yake kidogo kwa mtoto anayetazama nyuma. Vivute mpaka usiweze kufinya mkunjo wa ukanda begani kwa vidole viwili. Cha Marekani kina klipu ya kifua, nayo ikae usawa wa makwapa. Ikiwa tumboni haifanyi kazi. Mtoto asifungwe akiwa amevishwa sweta nene wala akiwa ndani ya mbeleko, na usitie mto nyuma yake isipokuwa uliokuja na kiti. Mbeya na Iringa baridi ni kali, najua. Mfunge kwanza na nguo nyepesi, kisha mfunike kitenge juu ya vikanda. Kwa joto la Pwani, funika kiti kizima kwa khanga nyeupe unapoegesha, na kabla ya kumkalisha gusa kile chuma cha kifungio kwa mgongo wa mkono wako, kinaweza kumbabua.

Sheria yetu ya Usalama Barabarani ilipotungwa mwaka 1973 haikuwa na kiti cha mtoto akilini, lakini hakuna anayepaswa kusubiri Bunge ili kumfunga mwanawe. Wauguzi wa kliniki za wajawazito wakilitaja jambo hili mimba ikiwa miezi saba, wazazi watapata muda wa kutafuta kwa utulivu badala ya kununua siku ya kutoka wodini. Nawaomba TBS wavitazame kwa jicho kali vitambaa na vikapu vinavyoingizwa kwa jina la viti vya gari bila kibandiko cha idhini.

Kwa wauzaji, ombi langu ni dogo. Mnapotangaza kiti mtandaoni, wekeni picha tatu pamoja na ile ya mbele: kibandiko cha idhini, duara la mwezi na mwaka, na mgongo wa kiti vikanda vikionekana. Na mteja akija na gari lake, mwacheni akijaribu kabla ya kutoa pesa.

Mdau wa usalama barabarani,
Dar es Salaam